Mbao za Mti Ulioanguka: Mjozi wa Ulaya na Historia ya Kuukausha

Mjozi, mti unaozaa jozi na ambao wataalamu wa mimea huuita Juglans regia, una nafasi ya pekee katika historia ya useremala wa Ulaya, kwa sababu kwa karne nyingi mbao zake zilihesabiwa kuwa bora kuliko karibu nyingine zote, ilhali ni wachache mno walioupanda kwa kusudi la kupata mbao. Mkulima wa Burgundy au wa bonde la Rhine aliupanda kwa ajili ya tunda lake, lililompa chakula cha majira ya baridi, mafuta ya kupikia na ya kuwashia taa, na mafuta yale ambayo wachoraji walichanganyia rangi zao. Na kwa kuwa mti wenye afya huzaa kwa vizazi kadhaa vya watu, kuukata ungali unazaa kulikuwa sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo mbao za mjozi zilifika karakanani kwa ajali zaidi kuliko kwa mpango: zilitoka katika mti uliokufa kwa uzee, uliong'olewa na dhoruba, uliouawa na baridi, au uliouzwa na familia iliyobanwa na deni. Historia yake, kwa maana hiyo, ni historia ya watu waliookoa kilichoanguka, kisha wakalazimika kusubiri miaka kabla ya kukitumia.

Asili ya mti huu ni milima ya Asia ya Kati na nchi za jirani na Uajemi, na hadi leo upo msitu mkubwa wa mijozi huko Arslanbob, kusini mwa Kirgizia. Warumi waliueneza katika sehemu kubwa ya milki yao, na mwandishi wao Plinio Mzee, aliyefariki mwaka 79 wakati wa mlipuko wa Vesuvio, aliandika kwamba boriti ya mjozi hupinda kwa urahisi lakini ina fadhila moja, nayo ni kualika kwa sauti kabla ya kuvunjika. Alisimulia kuwa katika mji wa Antandros watu waliokuwa wakioga katika hamamu walitoka mbio waliposikia mlio huo juu ya vichwa vyao. Warumi walijua pia kwamba kivuli cha mjozi hakipatani na mimea mingine. Sayansi ya leo inaeleza jambo hilo kwa kemikali iitwayo jugloni, inayotoka katika mizizi, majani na maganda ya mti na kuzuia baadhi ya mimea ya jirani isistawi. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mjozi upandwe pembezoni mwa shamba, kando ya barabara au uani, ukiwa peke yake, na upweke huo ulikuwa na matokeo makubwa kwa seremala. Mti unaokua bila wenzake wa kuugombania mwanga hauhitaji kurefuka. Hutoa shina fupi na nene, lenye matawi mazito yaanzayo chini, na nyuzi za mti wake hujisokota mahali ambapo matawi yanakutana na shina. Mbao zake kwa hiyo ni fupi na si nyingi, lakini zina michoro ya asili ya kahawia, kijivu na nyeusi ambayo mti ulionyooka wa msituni huwa nayo kwa nadra.

Mafundi wa Italia wa karne ya 15 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia michoro hiyo kwa ustadi mkubwa. Chumba kidogo cha kusomea kilichotengenezwa kwa ajili ya mtawala Federico da Montefeltro katika kasri lake la Gubbio, mwishoni mwa miaka ya 1470 na mwanzoni mwa miaka ya 1480, na ambacho sasa kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, kimefunikwa kwa picha zilizoundwa kwa vipande vya miti ya rangi mbalimbali vilivyopachikwa katika mjozi. Kazi ya namna hiyo isingeweza kufanywa kwa mti mbichi, kwa kuwa kipande kimoja kikisinyaa baada ya kupachikwa, picha nzima huachana. Maarifa ya kukausha mbao, kwa hiyo, yalikuwepo zamani sana, ingawa yaliishi mikononi mwa mafundi kuliko vitabuni.

Kitabu kilichoyakusanya kwa upana nchini Uingereza kilikuwa Sylva cha mwandishi John Evelyn, kilichochapishwa mwaka 1664 chini ya jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society, baada ya wasimamizi wa jeshi la majini kuwa na wasiwasi kwamba miti ya kujengea meli inakwisha. Evelyn aliupenda mjozi kwa namna isiyofichika. Alisikitika kwamba Waingereza waliuacha uwe haba kwao na kutengeneza viti na vitanda vyao kwa miti duni inayoliwa na bungua, na akasimulia kwa kuvutiwa kwamba kati ya Hanau na Frankfurt, nchini Ujerumani, kijana mkulima hakuruhusiwa kuoa mpaka athibitishe kwamba amepanda idadi maalumu ya mijozi. Kuhusu mbao zenyewe, alieleza kwamba maseremala waliziingiza katika tanuri la mikate baada ya mikate kutolewa, likiwa bado na joto la kadiri, au walizilaza katika banda la farasi lenye joto, ili rangi yake ikolee. Na kuhusu mbao kwa ujumla, alitaja desturi ya kuzilaza majini kwa wiki mbili, na hasa katika maji yanayotembea, kisha kuzisimamisha mahali penye jua na upepo. Msomaji wa leo anaweza kuyaona maagizo hayo kuwa ya kubahatisha, lakini yana mantiki ndani yake: joto la pole lisilokausha upesi, na maji yanayoondoa sehemu ya vitu vinavyoyeyuka katika utomvu, ni mambo ambayo viwanda vya baadaye viliyarudia kwa vifaa vya gharama.

Tukio lililoubadilisha kabisa mkondo wa biashara hii lilikuja miaka arobaini na mitano baada ya kitabu hicho. Usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6 Januari 1709, baridi isiyo na mfano iliishukia Ulaya ya magharibi, tena kwa ghafla, wakati ambapo ardhi katika sehemu nyingi za Ufaransa ilikuwa bado imelowa mvua. Mito iliganda, wangwa la Venice likawa barafu, ngano iliyokuwa imechipua ikafa ardhini, na katika Ufaransa peke yake njaa na maradhi yaliyofuata hadi mwaka 1710 vinakadiriwa kuua watu wapatao 600,000. Baridi hiyo haikuja mara moja tu. Ilifuatwa na vipindi vya hali ya hewa laini, barafu ikayeyuka, kisha ikarudi kwa ukali, na ni mabadiliko hayo, zaidi ya ukali wenyewe, yaliyoiangamiza miti. Mizeituni ya Provence, michestnati na mijozi ilikufa kwa maelfu. Maji yaliyomo ndani ya shina yalipoganda na kutanuka, na sehemu ya nje ya shina ikasinyaa kwa ubaridi upesi kuliko ile ya ndani, mti ulipasuka wima kutoka ganda kuelekea kiini, na masika ilipofika haukuwa na uwezo wa kuchipua.

Mkulima aliyebaki na mti mfu uliosimama hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Mjozi una sehemu mbili zinazotofautiana sana: mti wa ndani, ambao ni wa kahawia na wenye kustahimili kiasi, na mti wa nje, tabaka jeupe lililo chini ya ganda ambalo katika uhai wa mti hupitisha maji, na ambalo mara mti ukifa huvamiwa na wadudu na ukungu. Mti uliokufa Januari na kuachwa umesimama mpaka majira ya joto ya mwaka wa pili huanza kuliwa kutoka nje huku ukipasuka kutoka ndani. Ilikuwa lazima uuzwe upesi, na kwa kuwa kila jirani alikuwa akiuza vilevile, tena katika mwaka wa njaa, ilikuwa lazima uuzwe kwa bei ya kutupa.

Waliolielewa jambo hilo mapema kuliko wengine walikuwa wafanyabiashara wa Uholanzi. Mtaalamu wa bustani Mskoti John Claudius Loudon, katika kitabu chake kikubwa kuhusu miti kilichotoka mwaka 1838, alieleza kwamba Waholanzi walitambua kuwa wingi huo wa mbao ungefuatwa na uhaba wa muda mrefu, wakanunua mijozi iliyokufa popote walipoweza kuipata, na wakaendelea kuiuza kidogo kidogo kwa miaka mingi kwa bei iliyopanda sana. Inafaa kutua hapa na kuangalia biashara hiyo ilivyokuwa na akili mbili ndani yake. Kwa upande mmoja ilikuwa ulanguzi wa kawaida, kununua kwa mwenye shida na kuuza kwa mwenye haja. Kwa upande mwingine, mbao ni moja ya bidhaa chache ambazo kukaa ghalani huziongezea thamani, mradi zimepasuliwa na kupangwa vizuri, kwa maana kila mwaka unaopita huziacha kavu na tulivu zaidi. Mlanguzi wa nafaka hupambana na panya na uozo. Mlanguzi wa mjozi alilipwa kwa ajili ya kungoja.

Mwaka 1720 serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku kupeleka mbao za mjozi nchi za nje. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika, na ndipo mahogani ya Jamaika ilipoanza kumiminika London. Vitabu vingi vya historia ya samani viliyaunganisha matukio hayo matatu kuwa mnyororo mmoja, yaani baridi iliua mjozi, marufuku ikafunga mlango, na mahogani ikaingia. Maelezo hayo yanapendeza kwa unyofu wake, lakini yanarahisisha mno. Sheria ya 1721 ilihusu mahitaji ya meli na haikutungwa kwa ajili ya watengeneza makabati. Mjozi uliendelea kutumika Uingereza kwa miongo kadhaa. Na sheria hiyohiyo iliingiza mjozi mweusi wa Virginia, Juglans nigra, ambao ni ndugu wa karibu wa ule wa Ulaya na una rangi nzito zaidi. Lisilopaswa kusahaulika ni kwamba mahogani iliyochukua nafasi ya mjozi ilikuwa rahisi kwa sehemu kwa sababu ilikatwa na kuvutwa hadi pwani na watumwa wa Kiafrika, na kwamba, tofauti na mjozi, ilikuwa mti wa msituni uliokatwa ukiwa hai kwa makusudi, bila kungoja uanguke.

Uhaba ulikuwa umekwisha kuwafundisha mafundi namna ya kutumia kidogo. Tangu nusu ya pili ya karne ya 17 makabati ya Uholanzi na Uingereza hayakujengwa kwa mjozi mtupu, bali kwa msonobari au mwaloni uliofunikwa kwa veneri, yaani tabaka jembamba la mti mzuri linalogundishwa juu ya mti wa kawaida. Veneri hizo zilipasuliwa kwa msumeno wa mkono kwa unene wa milimita mbili hadi tatu, na gogo lililopasuka kwa baridi, ambalo lisingetoa ubao mpana, bado liliweza kutoa veneri katika sehemu zilizo kati ya nyufa. Hata matawi hayakutupwa: yalikatwa mshazari au mkingamo kuwa visahani vyenye miduara, na visahani hivyo vilipangwa bega kwa bega juu ya mlango wa kabati mpaka uso wote ukaonekana kama umejaa magamba ya chaza. Namna hiyo ya kukata ni ngumu kuliko zote kwa ukaushaji, kwa kuwa kisahani cha mkingamo hupasuka kwa wepesi mno, na mafundi walilazimika kuvikausha polepole sana.

Sababu ya ugumu huo inaeleza pia kwa nini gogo zima la mjozi haliwezi kuachwa likauke lenyewe. Mti mbichi una maji ya namna mbili: yale yaliyo huru katika matundu ya seli, na yale yaliyoshikamana na kuta za seli zenyewe. Katika mjozi mweusi wa Marekani, ambao vipimo vyake vinajulikana vizuri, maji yote kwa pamoja huweza kufikia takriban asilimia 90 ya uzito wa mti mkavu. Maji huru yakitoka, mti hupungua uzito tu. Lakini unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zenyewe huanza kutoa maji na mti husinyaa, tena haulingani pande zote. Mjozi huo, kutoka ubichi hadi ukavu kamili, hupungua asilimia 5.5 kwa mwelekeo wa kutoka ganda hadi kiini, na asilimia 7.8 kwa mwelekeo wa kuzunguka miduara ya umri. Kwa kuwa mzingo unataka kupungua kuliko kina kinavyoruhusu, gogo zima halina budi kupasuka. Fundi wa zamani hakuzijua namba hizo, lakini alijua dawa yake: apasue gogo mapema, akitenganisha kiini, ili kila ubao usinyae kwa uhuru wake.

Jaribio moja kubwa la mwanzo la kuyageuza maarifa hayo kuwa sayansi lilifanywa na Henri-Louis Duhamel du Monceau, mkaguzi wa jeshi la majini la Ufaransa, ambaye katika vitabu vyake vya 1764 na 1767 alieleza jinsi alivyopima uzito wa vipande vya mbao mara kwa mara, vingine vikiwa hewani na vingine majini, ili kujua maji yanatoka kwa kasi gani. Kutoka katika mapokeo hayo ilitokea kanuni ambayo wapasuaji wa mbao wanaitaja mpaka leo, kwamba ubao hukaa hewani mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake. Kanuni hiyo ni ya makadirio tu, kwani ubao mnene huchelewa zaidi ya inavyodai, na hali ya hewa ya mahali ina sauti kubwa kuliko kalenda. Utaratibu wenyewe haujabadilika: mbao hupangwa kwa mfuatano uleule zilivyotoka katika gogo, zikitenganishwa na vijiti vikavu vya unene mmoja vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kwa mstari wima, chini ya paa lisilo na kuta; ncha zake hupakwa nta au rangi nzito, kwa kuwa maji hutoka nchani kwa kasi kuliko popote; na juu huwekwa uzito ili mbao zisijikunje.

Kilichoufanya mjozi utafutwe kwa nguvu zaidi kuliko samani kilikuwa bunduki. Kitako cha bunduki kinahitaji mti mwepesi, usiopasuka kwa kishindo cha risasi, na usiobadilika umbo mvua inaponyesha, kwa maana kitako kikijikunja hata kidogo mtutu hupoteza shabaha. Na hakuna mti wa Ulaya uliotimiza masharti hayo kama mjozi mkavu. Loudon aliandika kwamba mwaka 1806, katikati ya vita vya Napoleon, Ufaransa ilihitaji mijozi 12,000 kwa mwaka kwa ajili ya vitako peke yake. Sasa mti wa tunda ulikatwa kwa wingi ukiwa hai, na mashamba ambayo babu aliyapanda kwa ajili ya wajukuu yakawa makaburi ya visiki. Hata visiki vyenyewe, kusema kweli, havikuachwa: mjozi wenye thamani haukatwi usawa wa ardhi bali huchimbuliwa pamoja na shina la mizizi, kwa kuwa mahali shina linapoungana na mizizi ndipo michoro inapokolea na nyuzi zinaposhikana. Vitako vilichongwa kwa umbo la kukadiria, kisha vikawekwa maghalani kukauka, na jeshi lililoingia vitani bila akiba ya vitako vikavu lililazimika kutumia vibichi na kupata hasara yake.

Tatizo hilohilo liliikabili Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mjozi mweusi ulipotakiwa kwa vitako na kwa rafadha za ndege, na Rais Woodrow Wilson akawaomba vijana wa skauti wapite vijijini kuitafuta na kuihesabu miti hiyo. Hapakuwa na miaka mitatu ya kungoja mbao zikauke. Maabara ya serikali ya mazao ya misitu, iliyofunguliwa mjini Madison mwaka 1910, ilikuwa na mtafiti aitwaye Harry Tiemann, ambaye mwaka 1917 alichapisha kitabu kuhusu kukausha mbao katika tanuri, na ambaye hoja yake kuu ilikwenda kinyume na fikra za watu: tanuri zuri ni lile linaloanza likiwa na unyevu mwingi. Joto likiongezwa bila unyevu, ngozi ya ubao hukauka na kukaza huku ndani kukiwa kumejaa maji, na ubao hupasuka kwa ndani mahali pasipoonekana. Unyevu wa hewa ukidhibitiwa, maji ya ndani hupata muda wa kusafiri hadi nje, na kazi ya miaka hukamilika kwa wiki chache. Banda la farasi la Evelyn, lenye joto na mvuke wa pumzi za wanyama, halikuwa mbali sana na wazo hilo.

Karne ya 20 ilileta pia majina ya kukopa. Uhaba wa mjozi halisi ulipozidi, wafanyabiashara wa Ulaya walianza kuuza kwa jina la mjozi wa Afrika mbao za Lovoa trichilioides, mti unaopatikana Afrika Magharibi, Kongo na hadi Uganda, ambao ni wa jamii ya mahogani na hauna undugu wowote na mjozi ila rangi ya kahawia.

Dhoruba nazo hazikuacha kutoa mbao. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 upepo uliangusha miti inayokadiriwa kufikia milioni 15 kusini mwa Uingereza, na mwishoni mwa Desemba 1999 dhoruba mbili zilizofuatana ziliangusha nchini Ufaransa mbao zipatazo mita za ujazo milioni 140, kiasi ambacho hakuna kiwanda kingeweza kukipasua kwa wakati. Magogo mengi yalirundikwa na kumwagiliwa maji usiku na mchana ili yasipasuke wala kuliwa na wadudu, mbinu iliyotokana na elimu ileile ya kulaza mbao majini. Mti ulioangushwa na upepo una hatari zake. Shina lililolala lakini lingali limeshikwa na mizizi limejaa mvutano, na likikatwa, kisiki huweza kusimama tena ghafla na kumuua aliye karibu. Nyuzi zilizobanwa wakati mti unapinda huwa zimevunjika ndani kwa mkingamo, na ufa wake hauonekani mpaka ubao umepigwa randa. Mjozi wa uani huwa na hatari nyingine, kwa kuwa karne nzima ya misumari, nyaya za uzio na ndoano za kamba ya kuanikia nguo imemezwa na shina lake. Chuma hicho huvunja meno ya msumeno, na tanini iliyomo ndani ya mti hukutana nacho na kuacha mabaka ya bluu-nyeusi yanayoenea mbali kando ya nyuzi. Mpasuaji wa leo hulipitisha gogo chini ya kigunduzi cha metali, lakini mabaka yaliyokwisha kuingia hubaki.

Viwanda vikubwa, hasa vya Marekani, huupitisha mjozi katika mvuke kabla ya kuukausha, ili rangi ya mti wa ndani ipenye katika ule mweupe wa nje na ubao wote uonekane wa aina moja. Faida ya njia hiyo ni kwamba hakuna sehemu ya gogo inayotupwa. Hasara yake ni kwamba mistari ya zambarau na nyekundu iliyomo katika mti wa ndani hufifia na kuwa kahawia tupu, na kwa sababu hiyo watengenezaji wa bunduki za kuwindia na wa ala za muziki bado hununua kwa bei kubwa zaidi mbao zilizokaushwa hewani, ambazo aghalabu hutoka kwa wapasuaji wadogo wanaokwenda na msumeno wao hadi pale mti ulipoangukia.